Kibuyu Kilichorudisha Mabomba

Siku ile nilikuwapo mimi. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, mwenye mimba ya miezi saba. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mtoto wa dada yangu. Bibi wa wafugaji wa bondeni, rika langu, na wanawe. Na mama wa mradi, mgeni aliyetoka Ulaya na msaada wa watu wa kwao, atujengee maji ya bomba hapa Nemba. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la ng'ombe, ila siyaandiki.

Ng'ombe ndiye chanzo. Mtamba wa yule bibi aliingia kwenye maharage yangu, nikampiga jembe mguuni, akachechemea. Tangu hapo wanawe wakawa wanatutangulizia mifugo chemchemini, sisi tunachota tope. Vijana wetu wakaanza kunoa mapanga. Mkamwana wangu akawa anafuata maji ng'ambo ya kilima, na tumbo lile.

Mama wa mradi akasema watu watachota juu, ng'ombe watanywea chini, lakini kwanza tupatane. Tusipopatana, mabomba yanakwenda upande wa Nyakanazi. Akatuita shuleni, akampa kila mtu soda yake, tukaweka dole gumba kwenye karatasi. Yeye akafurahi, sisi tukatazamana. Kwetu waliogombana hawanywi kila mtu na chake, hunywa kibuyu kimoja kwa mirija. Ukishika chupa yako peke yako, umesema bado.

Kweli, kesho yake ng'ombe walikuwa chemchemini kama kawaida. Siku ya tatu lori likaanza kupakia mabomba. Mwenyekiti akanijia anatweta.

"Shikamoo mama mdogo. Aliyeumiza ndiye anayepeleka kibuyu. Unajua."

"Marahaba. Mimi nimpelekee yule mwenye ng'ombe walafi?"

Mkamwana wangu akatua ndoo. Akajishika kiuno. Basi nikaenda kufukua ndizi nilizokuwa nimeziivisha shimoni kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya ubatizo kwa jirani. Muda wa kuchachusha sikuwa nao. Nikazikamua kwa majani, nikajaza kibuyu juisi tupu, nikachomeka mirija miwili, nikajitwika mpaka kwenye lori. Yule bibi alikuwa amekuja kutazama tukinyimwa.

"Umeniletea sumu?"

"Ningetaka kukuua ningekupa maharage, lakini uliyamaliza."

Watu wakacheka. Aliyekosa huonja kwanza, nikaonja. Nikasema, "Nilimpiga mtamba wako. Nilikosa." Akainama kwenye mrija wa pili, mapaji ya nyuso zetu yakagusana. Akavuta weee, kisha akasema, "Tamu. Na mimi nilikosa, shamba halikuwa langu." Akawageukia wanawe: "Kuanzia kesho, watu kwanza."

Mama wa mradi akauliza soda zake zilikuwa na kosa gani.

"Zilikuwa nyingi mno, mwanangu," bibi akamjibu, akamchomekea mrija wa tatu.

Mabomba yakashushwa siku ile ile. Mjukuu wangu alipozaliwa, maji ya kumwogesha yalitoka hapo hapo juu, safi! Mradi umeshaondoka zamani. Bomba likipasuka, wana wa yule bibi wanakuja na spana, wangu wanachimba. Karatasi ya dole gumba sijui iko wapi, lakini kibuyu kinaning'inia jikoni kwangu.

Mpaka leo yule bibi anadai kwamba yeye ndiye aliyeonja kwanza. Mliokuwapo, nimezeeka, kama nimekosea mahali nisahihisheni. Ila kwa hilo la kuonja, anayebisha aje na mrija wake.