Picha Zilizochorwa Baada ya Chakula cha Mchana

Kuna picha sebuleni kwetu ambayo baba mkwe haruhusu mtu mwingine aipanguse vumbi. Aliwahi kusema itupwe jalalani, ikiwezekana pamoja na mimi.

Ngoja niwape kisa chenyewe, na msinicheke.

Mimi naandika programu za kompyuta. Wakati huo mimi na mke wangu tuliishi kwa wazazi wake, na badala ya kutafuta kazi nilikuwa nahangaika na programu inayochora yenyewe. Inasikiliza kelele zozote kupitia maikrofoni, inazigeuza kuwa namba, na namba ndizo zinaamua mstari uende wapi na uwe wa rangi gani. Mimi sigusi kitu. Ni bahati tu.

Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, aliniuliza: kama bahati ndiyo inachora, mimi nalishwa kwa kazi gani?

Nikarudi mezani kwangu, nikaiwasha programu.

Lakini picha zilitoka, jamani. Milima inapanda taratibu, inatetemeka kileleni, inaporomoka. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilivaa hedifoni, nikafungulia muziki, nikaiacha programu isikilize. Nilijua inasikiliza magari ya barabarani.

Mwenye ukumbi mmoja wa sanaa akazipenda, kwa sharti kwamba programu ichore mubashara mbele ya wageni.

Baba mkwe naye akatoa sharti lake. Maonyesho yakibuma, kesho yake naenda kwa shemeji, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari. Nikamwangalia mke wangu anitetee. Akaangalia sakafu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, wakwe zangu wako mbele, baba mkwe kakunja mikono. Nikaweka maikrofoni karibu na kiti chake, nikabonyeza.

Ukutani ukatokea mstari mmoja, umenyooka kama rula.

Nikafungua madirisha ili magari yasikike. Vikatoka vikwaruzo, utadhani kuku kaparua. Mgeni mmoja akauliza kwa upole kama tumeshaanza. Nikaanza kuiona misumari.

Mwenye ukumbi, kwa kunihurumia, akasimama kutoa hotuba juu ya sanaa. Ilikuwa ndefu kweli. Programu ikamchorea naye vikwaruzo.

Mara, mlima ukapanda.

Ukatetemeka, ukaporomoka. Ukafuata mwingine, mwekundu, mkubwa kuliko wa kwanza. Watu wakapiga makofi, na makofi yalipoisha mstari ukanyooka tena.

Mama mkwe ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Aliinuka, akaugeukia ukumbi mzima.

"Punguzeni kelele," alisema. "Mmemwamsha."

Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa anafuta mdomo.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Kule nyumbani, kiti chake cha kupumzikia kiko nyuma ya ukuta wa mbao ulioegemewa na meza yangu. Na mimi kila mchana nimeziba masikio kwa hedifoni.

Shida ni kwamba mzee huyu ameapa tangu aoe kuwa hakoromi. Mkewe akisema, anaambiwa ana kisirani.

"Miaka yote nakusingizia," mama mkwe akamwambia, akinyoosha kidole ukutani. "Haya, na ile nayo ni nini?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mzee. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Akaitazama ile milima kwa muda mrefu, akaweka sawa kola ya shati.

"Mimi sikoromi," akasema. "Mimi nachora."

Akaegemea kiti, akafumba macho. Wageni wakaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Misumari sikuipima. Siku hizi, chakula cha mchana kikishaliwa, redio inazimwa nyumba nzima kwa amri ya baba mkwe, maana anaingia kazini.

Somo langu ni dogo. Ukimkuta mzee amelala mchana, usimwamshe mpaka ujue yuko zamu gani.