Nyigu wa Mtende wa Mavyaa

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa mke mpya katika nyumba ya mtaa wa Kuze, mwezi wa tano tangu niolewe. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa amekwenda Malindi kumtunza bintiye aliyejifungua, akae huko arubaini nzima. Aliniachia funguo zote na wasia mmoja: "Zuhura, uniangalilie mtende wangu."

Mtende huo ulikuwa uani, umepandwa na marehemu mumewe. Tende zake hazikuwa za kusifika kama za Arabuni. Hewa yetu ina unyevu, na tulizila zingali manjano, ngumungumu. Lakini kila mwaka mavyaa alizigawa kichochoro kizima, na watoto wa madrasa wakapata fungu lao. Watu walizingoja.

Wiki ya pili nikaona tende changa zimegeuka nyekundu, zimekauka, nyingine zinaning'inia kwa uzi mwembamba. Kila asubuhi nikawa nazoa zilizoanguka. Nikatazama juu, nikaona nyigu weusi, wadogo kuliko sisimizi, wanazunguka mashada. Nikasema, wezi ndio hawa.

Ningeweza kumuuliza Bi Mwanaisha, jirani yetu, aliyeuona mtende ule ukipandwa. Sikuuliza. Nilitaka mavyaa arudi akute nimeutibu mwenyewe. Kuuliza si ujinga, lakini mke mpya huogopa kuonekana hajui.

Nikaenda Mwembe Tayari, nikanunua dawa kali ya wadudu, nikamwita Katana, mkwezi wa minazi, apande na bomba la kupulizia. Mguu mmoja ukiwa shinani, akageuka.

"Dada, una hakika ni hawa?"

"Nina hakika. Puliza."

Kesho yake nyigu walikuwa wametapakaa sakafuni kama habasoda iliyomwagika. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilidumu siku nne. Tende zikazidi kuanguka, maradufu ya kwanza. Mavyaa aliporudi, mashada yalikuwa karibu vijiti vitupu.

"Kumetokea nini, mwanangu?"

"Jua lilikuwa kali, Mama."

Njia ya mwongo ni fupi. Alikwisha kuiona chupa ya dawa nyuma ya pipa la maji. Aliinama, akaokota tende, akaipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kiwavi mdogo aliyekwisha kuila nyama yote.

"Huyu ni mtoto wa nondo," akasema. "Huifunga tende kwa uzi wake isianguke mpaka ashibe. Dawa yako ingemfikiaje, naye yumo chumbani mwake?"

Akachukua upembo mrefu, akaangusha tende nyingine, ya upande wa ukutani ambako bomba halikufika. Kiwavi wa humo alikuwa amelala, hatikisiki, na mgongoni ana vichembe vyeupe kama chumvi.

"Haya ni mayai ya wale nyigu. Humdunga kiwavi akapooza, watoto wao wakamla. Uliowaua walikuwa wakitulindia."

Asiyekujua hakuthamini, mwanangu. Nililia, nikamweleza yote: chupa, Katana, uongo wa jua. Nikangoja anikaripie.

"La kutojua nimekusamehe kabla hujalia," akasema. "Lile la jua ndilo lililoniuma."

Alasiri alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukapita nyumba hadi nyumba. Kwenye kila mlango alisema maneno yale yale: "Mwaka huu tumekosea, tende hakuna. Tuwieni radhi." Tumekosea, mwanangu! Hakusema mkaza mwana wangu amekosea. Nilisimama kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikajiona nimo nyumbani kwangu.

Tangu hapo dawa haikuingia uani. Kila asubuhi tuliokota zilizoanguka tukazichoma moto, na Katana akakata vikonyo vya zamani ambamo nondo hujificha. Mwaka uliofuata nyigu walirudi wachache, na tende chache. Mwaka wa tatu zilijaa sinia mbili. Mavyaa akanitwika moja, akaniambia, "Safari hii kagawe wewe."

Leo nyinyi mna simu, mdudu mnampiga picha na jina lake mnaletewa papo hapo. Vizuri. Lakini pupa haijapata dawa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Basi nisikilize. Kitu chako kikiharibika, usimvamie wa kwanza unayemwona juu yake. Huenda ndiye aliyekuja kukusaidia. Pasua kwanza, utazame ndani. Uliza, hata kama unaona haya. Ukikosea, sema mapema, maana mficha uchi hazai. Na mtu wako akikosea, usimwache asimame peke yake mbele za watu; sema tumekosea, kisha mkalitengeneze pamoja.

Mola akupe jicho la kumtambua akutakiaye heri, akujaalie nyumba yenye masikizano, na kila ukipandacho kikutoshe wewe na jirani zako. Amin, mwanangu, amin.