Goti la Injini

Watu wa kiwanda cha mbao walimwita Vidole, na kwa kuchua misuli hakuwa na mpinzani. Ungemwona, mkono mmoja ndoo ya barafu, mwingine chupa ya dawa ya kuchua, anaingia uwanjani mbio na kitambi kinamtangulia, mashabiki wa upande wa pili wanamtania: "Mzee, usije ukaanguka wewe, tukakubeba!" Yeye anacheka tu. Enzi zile, bwana! Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka mkaratusi, jasho na soksi mbichi, na Vidole hakuijua harufu tamu kuliko ile.

Timu ya kiwanda ilikuwa moto kwelikweli, mechi kumi na moja haijafungwa. Mara mdudu akaingia. Alianza beki wa kushoto, msuli wa paja ukachanika. Kocha akamrudisha winga nyuma kuziba pengo, basi krosi zilizokuwa zikimiminika kutoka kushoto zikakauka, na mshambuliaji akabaki kule mbele amezubaa kama mgeni asiyekaribishwa. Wiki iliyofuata kipa akavunjika kidole. Kipa wa akiba, masikini, mipira ya juu alikuwa anaikimbia, kwa hiyo mabeki nao wakaacha kupanda, kazi yao ikawa kumlinda yeye. Unaona mambo? Anaumia mmoja, wanacheza ovyo watatu.

Hata hivyo walifika fainali, na aliyewafikisha ni nahodha wao, kiungo aliyeitwa Injini, mdogo wake Vidole wa tumbo moja. Injini alikimbia kwa niaba ya majeruhi wote, mpaka goti lake likaanza kujaa maji.

Siku ya fainali Vidole alimlaza kwenye benchi, akabonyeza kwa dole gumba. Pia ya goti ikacheza huku na huku, inaelea. Jasho likamtoka Injini juu ya mdomo, lakini akakaza uso. Kocha alisimama juu yao, mikono kiunoni.

"Vipi, anacheza?"

Chumba kizima kilimkazia macho Vidole.

"Anacheza," akasema.

Dakika ya sitini, kocha akiwa ameshamaliza nafasi zote za kubadilisha wachezaji kwa wengine waliokuwa wanachechemea, Injini aligeuka na mpira. Hakuguswa na mtu. Akaanguka. Wakabaki kumi, wakafungwa mawili, na Injini hakuvaa tena viatu vya mpira maishani mwake.

Miaka ishirini na sita baadaye, kila Alhamisi mchana, Vidole alikuwa bado anamchua goti lile sebuleni kwake. Walipiga soga, walihesabu mabao ya zamani, walibishana nani alikuwa na chenga. Habari za benchi lile hazikutajwa. Vidole alikuwa na neno alilolificha, na aliogopa akilitoa tu, mdogo wake atashika mkongojo wake, aondoke, asikanyage tena pale. Sasa Alhamisi zilikuwa zimekwisha. Kesho yake Injini alikuwa anahamia kwa binti yake, mwendo wa siku mbili, na kwa umri wao nani angemfuata mwenzake?

"Mdogo wangu," Vidole akasema, mikono imesimama. "Siku ile ya fainali nilijua goti limekwisha. Nilijua, nikasema unacheza."

Injini hakuuondoa mguu.

"Najua, kaka. Nilikuona usoni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya kocha? Mbele ya wenzangu wote wale? Ningeitwa mwoga mpaka leo. Nililala pale namwomba Mungu kimoyomoyo, kaka aseme hapana. Wewe ungesema hapana, kaka, nisingekuwa na la kujibu."

Vidole akalia, mzee mzima, kwikwi kama mtoto. Uchungu ulimjaa. Injini alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamshika mkono, akauweka juu ya goti.

"Malizia basi, kaka. Kesho nina safari ndefu."