Tundu kwenye Bati la Melkior

Mikidadi fundi bati alikuwa mtu wa kuudhi, tuseme ukweli. Umkaribishe chai, kabla hajakaa atauliza, "Moshi wa jiko lenu unatokea wapi?" Pale Moshi mjini, enzi za Mwingereza, walimbandika jina la Mikidadi Dohani, yaani bomba la moshi. Majiko ya mikate, na yale makubwa ya kukaushia kahawa wakati wa mvua, mengi aliyafunga yeye, na hakuna tajiri aliyeweza kumshawishi apunguze hata kipande kimoja cha bomba.

Waliomcheka hawakujua, au walijua wakasahau. Mkewe Shani alikuwa ndani ya arobaini na mtoto wao wa kwanza. Ilikuwa baridi ya Julai. Wanawake wakamwekea chumbani jiko la mkaa uliokolea vizuri, kama ilivyo desturi ya mjini, na dirisha wakaliziba kwa kanga. Mkaa haukuwa na moshi hata chembe, nani angeuogopa? Alfajiri Mikidadi alirudi kutoka msikitini, hakusikia mtoto akilia. Akafurahi, masikini, akadhani wamelala. Majirani walisema wameuawa na jini. Daktari akamwambia ni hewa ya mkaa, haionekani wala hainuki, na tangu siku hiyo Mikidadi hakuwa na amani na jiko lolote lile.

Basi, baada ya vita ya Hitla, Melkior, mkulima wa kahawa kule Kibosho, akajenga nyumba ya bati, ya kwanza kwa majirani zake wote. Lo, bati lile! Kila mvua ikikatika alitoka nje kulitazama. Mkewe Dominika alipojifungua, Melkior akamfuata Mikidadi mjini. Alitaka jiko la pipa kama lile la ghala la kahawa, ili mama na mtoto wapate joto miezi yote ya kukaa ndani. Miezi hiyo mzazi wa Kichagga hanyimwi anachotamani. Dominika alikuwa bado hajataja chake, na mbuzi alikwisha fungwa ananenepeshwa, maana Melkior alijua ni nyama tu ataitamani.

Mikidadi akapanda mlima na jiko lake na mabomba yake. Dominika na mtoto wakahamia kwa muda kwenye nyumba ya nyasi ya mama mkwe, bibi Salvina, hapo hapo ng'ambo ya migomba. Fundi akaweka jiko, akatoboa tundu la kuingizia hewa chini ya ukuta, kisha akasimamisha ngazi.

"Unakwenda wapi?" Melkior akauliza.

"Juu. Bomba litoke paani, lipite kilele cha nyumba."

"Utoboe bati langu? Fundi, una wazimu! Pitisha ukutani."

Mikidadi akapitisha ukutani, si kwa kukubali, bali amwonyeshe. Akawasha majani makavu ya mgomba. Upepo wa mlimani ukapiga ukuta ule, na moshi wote ukarudi ndani. Wakatoka mbio wote wawili, wanakohoa.

"Umeona?"

"Nimeona," Melkior akasema, anafuta macho. "Basi hatutatia kuni. Tutatia mkaa. Mkaa hauna moshi."

Mikidadi akamshika mkono. "Weee! Moshi ni rafiki yako, unakukohoza unatoka nje. Mkaa unakulaza!"

"Mimi nimezaliwa kwenye nyumba isiyo na hata dirisha, moto katikati, ng'ombe pembeni. Mbona sikufa?"

"Nyasi zinapumua, Melkior. Nyumba yako umeiziba mpaka chawa hapati pa kupita!"

"Nyumba ni yangu, mke ni wangu. Kazi umemaliza, teremka."

Mikidadi akarudi ndani, akang'oa mlango wa jiko ili lisiwashwe, akautia kwapani na kuondoka. Melkior akamkimbilia, akamkamata shati. "Mwizi wewe!" Wakavutana kwenye mibuni, watu wazima na ndevu zao, mpaka wakafika mlangoni kwa Salvina, naye bibi akatokeza kichwa.

"Shikamoo, bibi," Mikidadi akasema, shati bado limekamatwa.

"Marahaba. Yesu Maria, ni nini tena? Mzazi anauliza."

Hapo Mikidadi akauachia ule mlango wa jiko. Akasimama akielekea kwenye giza la nyumba ya nyasi, akamsimulia yule mzazi asiyemwona habari za Shani, za jiko, za kanga dirishani, za alfajiri ile. Hakujali nani anamsikia. Alipomaliza, Melkior alikuwa ameliachia shati.

"Baba mtoto," Dominika akaita kutoka ndani, "yule mbuzi mfungulie. Nimekwisha jua ninachotamani."

"Sema, mama."

"Tundu kwenye bati."

Melkior akamgeukia mama yake. Salvina akamkazia macho. "Umesikia. Au nikawaambie wenzangu kanisani kwamba mwanangu kamnyima mzazi?"

Ngazi aliishika Melkior mwenyewe. Kila nyundo ilipogonga patasi alifumba macho, na bati lilipofunuka akaguna kama mtu anayeng'olewa jino. Bomba likapanda likapita kilele, likafungwa kola ya kuzuia mvua na kofia juu. Mikidadi akawasha moto, akaning'iniza jani kavu kwenye mdomo wa jiko. Jani likavutwa kuelekea ndani ya jiko, ishara kwamba moshi unapanda juu. Ndipo Dominika akarudishwa chumbani.

Lakini Mikidadi hakuteremka mjini. Alikaa barazani, manyunyu yanamlowesha miguu, sikio kaligandamiza ukutani. Ndani kimya. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Moshi ulikuwa unatoka vizuri juu, alikuwa anauona, na bado akarudisha sikio ukutani.

Mtoto akaangua kilio, kilio cha mwenye njaa na hasira.

Melkior akatoka na bakuli la mtori wa ndizi, kaona haya. "Samahani, fundi. Huyu ana kelele, hatakuacha upumzike. Ngoja anyamazishwe."

"Mwache," Mikidadi akasema, na machozi yalikuwa yanamchuruzika waziwazi. "Mwache alie. Mimi wangu aliponyamaza, nilifurahi."