Mawe ya Mzee Bugalama

Mimi ni mtoto wa Tunduma, na sioni haya kujisifu kwa hesabu. Nimekulia hatua chache kutoka mpakani, mama yangu akiuza dagaa, na kabla sijajua kufunga kamba za viatu nilishajua gunia linatoa visado vingapi vya kupimia. Kwa hiyo siku mwalimu Ferdinand aliponiita shuleni akaniambia Leah wangu wa darasa la tatu kapata maswali manne kati ya ishirini, niliona amenitukana mimi.

"Mama Leah, mtihani wa mwisho akipata hivi tena, binti atarudia darasa," alisema. "Atakaa na mdogo wake."

Jamani! Leah na Rubeni dawati moja! Mtoto ataishije na aibu hiyo? Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Nyumbani kwangu ni huku bondeni Momba, ukishapita Msangano, kwa Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Mume wangu Luhaga ni mpole, hesabu haimhusu. Baba yake, mzee Bugalama, hajakanyaga darasa maisha yake yote. Msomi wa mji ule ni mimi Eva, kidato cha nne kamili, basi na ualimu nikaubeba mimi.

Nikabandika jedwali la kuzidisha ukutani. Kila Leah akitoka shule, kabla hata hajavua sare, tunakaa. Nikimuuliza kumi na tano toa nane, ananijibu saba hata sijafunga mdomo. Nikifungua kitabu nikamsomea, "Mama ana kuku thelathini na wawili, tisa wamekufa, wamebaki wangapi?" anainamisha kichwa. Kimya. Narudia. Kimya. Nikajua huu ni ujeuri, na ujeuri mimi dawa yake naijua. Nikakata fimbo nikamchapa. Machozi yalimtoka, jibu halikutoka.

Siku hiyo mzee alikuwa kivulini anachonga mpini wa jembe. Akaniangalia tu, akaendelea kuchonga. Mtazamo ule ulinikera kuliko angenisema.

Kesho yake nikachukua karatasi ya mtihani wa Leah, nikaikagua swali moja moja kama askari wa forodha. Swali la machungwa, kajibu. La madaftari, kajibu. Ya namba kubwa, kajaribu akakosa. Lakini swali la mbuzi, patupu. La kuku, patupu. La watoto wanaopanda basi, patupu. Kumi na mawili hakuyagusa kabisa, na yote kumi na mawili yalikuwa ya viumbe wenye pumzi!

"Leah, njoo. Kwa nini hukuandika hapa?"

Akasimama mbali, jicho kwenye mkono wangu kuona kama nina fimbo. "Babu alisema wenye uhai hawahesabiwi, mama. Ukiwahesabu wanapungua." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na hao kuku, tisa wameshakufa tayari."

Nikakaa chini. Kwani sikulijua hilo? Nililijua! Mwaka nilioolewa niliwahi kuhesabu ndama kwa sauti zizini, mama mkwe, Mungu amrehemu, akaja mbio kuniziba mdomo. Nilicheka siku ile, nikasema hayo ni mambo yao. Sasa nimemchapa mwanangu kwa kosa la kuwalinda kuku wa watu. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Nikamtafuta wa kumlaumu, na wa karibu alikuwa mzee. Nikamfuata zizini.

"Baba, shikamoo. Miiko yako inamfelisha mtoto."

"Marahaba. Inamfelisha vipi?"

Nikamweleza yote, sauti juu. Akasikiliza mpaka nikakosa pumzi.

"Nani alikwambia mimi sijui ng'ombe wangu wako wangapi?" akauliza.

Akaingia ndani, akatoka na vibuyu viwili vyenye midomo mipana. Miaka yote nilidhani vile ni vya tumbaku. Kimoja kilijaa mawe laini ya mtoni, mengine huru, mengine yamefungwa kumi kumi kwenye vitambaa. Ng'ombe wakitoka asubuhi, kwa kila anayepita mlangoni mzee anahamisha jiwe kutoka kibuyu cha kwanza kwenda cha pili. Mawe yakifika kumi anayafunga. Jioni wakirudi anayarudisha. Jiwe likibaki, kuna ng'ombe hajarudi, mtu anatumwa porini.

"Ng'ombe sijawahi kumhesabu hata mmoja," akasema. "Nahesabu mawe. Mawe hayana masikio."

Mweh! Kidato changu cha nne kikawa si kitu.

Tangu siku ile ualimu ulinitoka. Leah alikuwa anakaa na babu yake mlangoni mwa zizi, na mimi nikisogea mzee ananifukuza: "Nenda jikoni mama Leah, unayatisha mawe." Nilisikiliza kwa mbali. Arobaini na tano ni mafungu manne na mawe matano. Toa kumi na nane. Mawe matano hayatoshi kutoa manane, si ndiyo? Basi fungua kitambaa kimoja. Maswali ya namba kubwa yaliyokuwa yanamshinda darasani akawa anayafungua kama anamenya karanga. Baadaye akaacha na vitambaa, akawa anafumba macho tu na kuchezesha vidole.

Mtihani ukafika. Usiku ule sikulala vizuri, nisiwadanganye. Wiki moja baadaye mwalimu Ferdinand akaniita tena, na njia nzima nikawa namwona Rubeni kasogea kwenye dawati kumpisha dada yake.

Mwalimu akaniwekea karatasi mezani. Kumi na saba kati ya ishirini.

"Anapanda la nne," akasema, "lakini naomba unieleze kitu. Swali ni la ng'ombe arobaini na tano, wameuzwa kumi na nane. Yeye kaandika 'mawe 27'. Mbuzi, kaandika mawe. Watoto wa kwenye basi, nao mawe. Namba ni sahihi nikampa alama zake, ila nimecheka mpaka nimeogopa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kumweleza. Akaningoja nitulie, halafu akavuta fomu ya wazazi na kalamu.

"Haya, tumalize na hii. Mama Leah, una watoto wangapi?"

Swali jepesi, la chekechea. Nikafungua mdomo. Nikamwona Leah, nikamwona Rubeni, nikamwona mdogo wao Restuta niliyemwacha amelala mgongoni kwa shangazi yake. Mdomo ukagoma.

Nikatoka hadi mlangoni, nikainama kwenye changarawe, nikarudi nikampangia mezani vijiwe vitatu.

"Hata wewe, mama Leah?" akashangaa.

"Hesabu mwenyewe, mwalimu," nikamwambia. "Hivi havina masikio."