Kinoo cha Ndugu Yangu Kina Jina la Marehemu

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu, naishi karibu na Roret. Nawashukuru wahariri kwa kunifichia jina, kwa sababu ninayemsimulia ni ndugu yangu wa tumbo moja, na boma zetu zimetenganishwa na ua wa miti tu.

Alipopata kipande katika lililokuwa shamba la walowezi, alikuta makaburi machache ya Wayahudi kichakani. Aling'oa jiwe moja kwa kulivuta na ng'ombe, akalilaza kando ya zizi. Uso wake ni laini na linanoa kuliko jiwe lolote hapa kwetu. Kila msimu wa kupogoa chai majirani huja kunolea visu hapo, juu ya maandishi yenyewe.

Juzi mama mmoja mzee kutoka ng'ambo alinijia na picha ya kaburi la baba yake. Tulipofika kichakani, mahali pa kaburi hilo tulikuta shimo tu. Lakini jiwe la pichani nililitambua. Nilimwambia arudi mwezi ujao, nitaulizauliza.

Jioni nikamwendea ndugu yangu zizini, nikamweleza habari za mama huyo.

"Mwalimu, huyo atakuja na polisi," akasema. "Tangu ghasia za ardhi za mwaka wa tisini na mbili kuna watu wananitafutia sababu nitoke hapa."

"Anataka jiwe tu."

"Na mimi nanoa tu. Babu yetu ana jiwe gani?"

Niwaeleze wasomaji: sisi Wakipsigis zamani hatukuweka mawe makaburini. Mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya wazee waliotangulia, na lile analolipigia chafya ndilo lake. Hapo husemwa mzee amerudi nyumbani.

Nikamwambia, "Wewe ulipiga chafya kwa jina la babu, ndiyo maana tunamtaja mpaka leo. Huyu marehemu wa watu ana jiwe hilo peke yake, nawe unalifuta."

Alipitisha kidole kwenye herufi za jiwe. Kisha akasema bila kuniangalia, "Basi nakili jina kitabuni mwako, uniachie kinoo. Ukimleta yule mama hapa, usiniite ndugu tena."

Herufi za Kiebrania zimekwisha. Chini yake, kwa herufi zetu, limebaki jina la kwanza na mwanzo wa la pili. Kupogoa kumeanza, naandika haya nikisikia visu vikinolewa ng'ambo ya ua.

Nyinyi mngekuwa mimi, mngemfikisha mama huyo kwenye jiwe la baba yake mkampoteza ndugu? Nijibuni mapema, herufi hazitangoja.