Saa ya Masoudi Ilivyonguruma Naipingo

Masoudi alipooa mke wa pili kule Ruangwa, alimletea Hajra, mke mkubwa wa Naipingo, zawadi ya kumpoza, kama wafanyavyo wanaume waliobakiwa na haya kidogo. Wengine huleta kitenge. Yeye alileta saa kuukuu ya umeme yenye vichupa vinne vya kioo, na ndani ya kila kichupa namba iliwaka kama kaa la moto.

"Hii ya zamani sana, mke wangu. Nimeipata Dar."

"Mimi hata darasa la kwanza sikuliona. Nisome nini humo?"

"Itazame tu. Inapendeza."

Siku hiyohiyo akaifunga meza ya Hajra nyuma ya bodaboda, akampelekea bi mdogo, Zulfa. Hajra akabaki na saa isiyo na pa kukaa. Akaiweka juu ya sanduku lake la bati, akachomeka waya.

Saa ikanguruma. Fisi aliyekabwa na mfupa ana nafuu. Hajra akaiinua: ikabaki kuvuma kidogo, kama nzi. Akairudisha juu ya bati: ikanguruma tena. Akaelewa, akacheka peke yake, akaiacha hapohapo.

Masoudi alipokuja kwa zamu yake akasikia ngurumo chumbani, hakumaliza hata ugali. Kufika alasiri alishaapa msikitini kwamba nyumba ina jini. Kisha uroho ukampa akili: nyumba ibomolewe, mabati yakaezekwe kwa Zulfa. Mabati hayo Hajra aliyanunua kwa ufuta wake, akiinama shambani huku Masoudi akinyoa ndevu.

Ndugu wakakaa barazani. Mwenye neno alikuwa Mjomba Harithi, kaka wa mama yake Hajra, maana pale Masoudi alikuwa mume aliyehamia ukweni.

"Jini huyu ameanza lini?"

"Tangu nioe, mjomba," alisema Masoudi, kifua mbele. "Jini wa wivu."

"Na kabla?"

"Kimya."

"Ulipotoka kuoa uliingia na nini humu?"

"Saa. Lakini mjomba, huenda ni saa tu inayo..."

"Umeapa msikitini ni jini. Ulituapia uongo?"

Ndani saa ikanguruma, na shangazi mmoja akajikuta yuko uani bila viatu.

"Jini huondoka na aliyemleta," alisema mjomba. "Beba mkeka wako, beba na jini wako. Nyumba ya mtoto wetu usiiguse."

Masoudi akapanda bodaboda, saa ameishika mbali na kifua kama mtoto anayeharisha.

Kesho yake Zulfa akapiga simu.

"Dada Hajra, shikamoo. Hii saa tumeiweka mezani, inavuma kama nzi tu. Mbona mume wetu anasema kwako ilinguruma?"

Hajra akaliangalia sanduku lake la bati, kisha akainua macho kwenye paa. Mabati yote yapo.

"Marahaba, mdogo wangu. Huku alikuwa ugenini. Sasa jini amefika kwao."